Wageni wanakivaa kioo cha ofisi: tukitie alama gani isiyoharibu sura yake?

SWALI: Ofisi yetu ipo Mpendae, Unguja. Chumba cha mikutano tumekitenga na ukumbi kwa kiambaza cha kioo kitupu, urefu wake mita 8.1: vipande sita vya upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.6, na mlango wa kioo wa sentimita 90 katikati. Kinapendeza, lakini watu wawili wameshakivaa na mmoja alipasuka mdomo. Mkubwa wetu hataki "mistari kama ya hospitali". Mwakani idara moja inahamia kwenye nyumba ya zamani Shangani, Mji Mkongwe, na huko pia anataka vioo kama hivi. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma, tafuta tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Piga mstari mmoja sentimita 95 kutoka sakafuni na mwengine sentimita 150, ukuta hadi ukuta, na mlangoni bandika karatasi mbili za A4. Itakuwa mbaya na mkubwa wako atanuna, lakini ni ya wiki mbili tu, na watu wa tatu na wa nne watanusurika.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huanza kwa kuchagua stika. Mimi nakwambia uanze na kioo. Alama inapunguza uwezekano wa mtu kukivaa kioo. Aina ya kioo ndiyo inayoamua akishakivaa atatoka na uvimbe au atatoka na mshipa uliokatika.

Kwanza, una kioo gani?

Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na vile vya juu huanguka baada ya vile vya chini. Kwa kiambaza cha kutoka sakafuni hakifai hata kikiwa kinene. Vinavyofaa ni viwili. Kioo cha temper kimepashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Kina nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene huo huo, na kikivunjika humwagika punje ndogo butu. Kioo cha lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kikivunjika vipande hubaki vimeng'ang'ania utando na kiambaza hakianguki. Ndiyo maana unene wake hutajwa kwa namba za ajabu kama 8.76 au 10.76: vioo viwili vya milimita 4 au 5, na utando wa milimita 0.76.

Kujua ulichonacho si kazi. Muulize aliyekuwepo siku kiambaza kilipowekwa: fundi alikata kioo chochote au alitoboa tundu hapo hapo ofisini? Kama alikata, hicho si temper, kwa sababu kioo cha temper kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi. Ukijaribu kinamwagika chote. Halafu angalia pembe za kila kipande. Temper halali huwa na muhuri mdogo uliochomwa ndani ya kioo wenyewe, haung'oki kwa ukucha. Stika ya karatasi yenye neno hilo haihesabiki. Ukiwa na miwani ya jua ya kuzuia mng'aro, ile iliyoandikwa "polarized", simama pembeni mwa kioo kinachopata mwanga wa mbinguni: temper huonyesha mabaka meusi yaliyopangika. Lamineti utaijua ukingoni mwa mlango, pana mstari mwembamba katikati ya unene.

Ukigundua ni cha kawaida, anza kubadilisha mlango pamoja na vipande viwili vinavyoupakana. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza huhesabu kuwa hatari kioo cha mlangoni na cha sentimita 30 za kila upande wake, hadi kimo cha mita 1.5, na kwengineko kioo chochote kilicho chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni. Kwako hiyo ina maana kila kipande kimo, lakini pesa zikiwa chache, mlangoni ndiko kwanza. Vipande vyengine vinaweza kupewa utando wa usalama usio na rangi, wa maikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita) au zaidi, uliobandikwa kioo kizima ukiacha milimita 2 tu ukingoni. Utando huo haukiongezei kioo nguvu. Kazi yake ni kushika vipande visiruke. Kwa mlango haunitoshi mimi, na usikutoshe wewe.

Jambo moja kuhusu temper, maana maneno yatakufikia. Mara chache kioo hicho humwagika chenyewe usiku, ofisi imefungwa, hakuna aliyekigusa. Usimtafutie jini. Ama ukingo wake ulikuwa unagusa chuma au kichwa cha skrubu, ama ndani yake mlikuwa na chembe ya salfaidi ya nikeli, ambayo hutanuka polepole mpaka siku kioo kinaposhindwa. Unapoagiza vipande vipya omba vilivyopitishwa tena katika joto kiwandani baada ya kupikwa; vyenye chembe hizo vingi huvunjikia huko huko. Au agiza lamineti, na hata kikipasuka kitabaki mahali pake.

Kuhusu kukaa kwake ndani ya fremu: kipande chako kimoja, kama ni cha milimita 10, kina uzito wa kilo 78. Hesabu ni nyepesi, kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene ni kilo 2.5. Uzito huo lazima ukae juu ya raba mbili ngumu zenye urefu wa sentimita 10 hivi, kila moja robo ya upana kutoka pembeni, si juu ya aluminiamu tupu. Na silikoni ya kuzibia iwe ile isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki ni rahisi na hukauka haraka, lakini asidi yake hula chuma na, ikigusa ukingo wa lamineti, hufanya utando uanze kuwa mweupe na kuachia.

Alama: wapi na kubwa kiasi gani

Vimo vinavyotumika Uingereza vinafaa na huku: safu ya kwanza kati ya milimita 850 na 1000 kutoka sakafuni, ya pili kati ya 1400 na 1600. Ya chini ni ya mtoto, ya mtu wa kiti cha magurudumu na ya anayetembea ameinamia simu. Ya juu ni ya macho ya mtu mzima. Ukiweka moja tu utakuwa umewaacha nusu ya watu. Mkanda, uwe mzima au wa kukatikakatika, usipungue kimo cha milimita 50, na ukitumia nembo ya kampuni iwe milimita 150 kwenda juu na irudiwe kila kipande. Nembo moja kubwa katikati ya mita nane haimsaidii anayekuja kutokea pembeni.

Hapa ndipo mkubwa wako na mimi tunakubaliana. Mistari miwili ya kijivu iliyonyooka inaonekana kama hospitali kwa sababu haina umbo, na mkanda wa milimita 150 una nafasi tele ya kuwekewa umbo. Nakshi za kwetu nyingi zilizaliwa ndani ya ukanda: pindo la kanga, mnyororo uliochongwa kwenye fremu za milango ya Mji Mkongwe, ukili wa mkeka wa rangi. Mchoraji wa stika mwenye mashine ya kukata anaweza kuchukua ukili wa rangi mbili na kuukata kwa urefu wote wa kiambaza. Mwekee masharti matatu. Mstari wowote usiwe mwembamba kuliko milimita 5, kwa sababu mwembamba zaidi hupotea ukiwa hatua nne mbali, na ncha zake ndizo zinazobanduka mwanzo. Uwazi kati ya umbo na umbo usizidi upana wa umbo lenyewe. Na maumbo yaendelee kutoka kipande hadi kipande bila kuruka kiungo. Fundi akianza kila kipande upya kutoka kushoto, pale vioo vinapokutana utapata nusu ua limegongana na nusu ua.

Anayependa maneno, mfano wa jina la kanga, akumbuke kwamba aliye ndani atayasoma kinyume. Ama yakatwe mara mbili, tabaka juu ya tabaka na nyeupe katikati, ama yaachwe.

Kinachoharibu kazi hizi kuliko chochote ni rangi. Stika ya frosti, ile ya ukungu-ukungu inayopitisha mwanga, ikiwa nyeupe juu ya kioo na nyuma yake ukuta mweupe na sakafu ya vigae vyeupe, haionekani. Itakuwepo, umeilipia, na mtu ataivaa. Alama haishindani na kioo, inashindana na kilicho nyuma ya kioo. Na kilicho nyuma hubadilika: asubuhi dirisha la chumba cha mikutano linawaka, jioni limezima, usiku taa zinakifanya kioo kama cha kujitazamia. Kwa hiyo usichague kutoka kwenye kitabu cha sampuli dukani. Omba vipande vya mraba vya sentimita 20 vya rangi tatu au nne, bandika kwa tepu, kisha simama mita tatu ukumbini upige picha kwa simu saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Rudia ukiwa ndani ya chumba, maana watu hutoka pia. Zigeuze picha zote ziwe nyeusi na nyeupe. Sampuli inayoonekana bayana katika zote ndiyo yako, na mara nyingi haitakuwa rangi moja. Mchanganyiko ambao haujawahi kunitupa ni frosti iliyopigwa mstari wa rangi nzito wa milimita 15 juu na chini yake: kahawia ya mvule, nili, au kijani kibichi cha kukolea. Mbele ya kitu cheusi frosti inasimama, mbele ya mwanga mkali mstari mzito ndio unaosimama.

Kama ndani hukaa wafanyakazi wanawake, au kona ya chumba hutumika kusalia, watataka stara. Jaza frosti kuanzia sentimita 40 hadi mita 1.5, aliyekaa atasitirika mwili na uso, na mwanga utapita juu na chini. Hapo mkanda wa chini unamezwa na frosti yenyewe, lakini ule mstari mzito wa juu ubakie, katika kimo cha 1400 hadi 1600.

Kiasi cha kununua

Stika ya frosti huuzwa kwa roli la upana wa mita 1.22, na vipande vyako ni vya mita 1.2. Umepata bahati: kila mkanda unakatwa kwa upana wa roli bila kiungo katikati. Mkanda wa chini wa milimita 150 na wa juu wa milimita 200 hula sentimita 35 za roli kwa kila kipande. Vipande sita na mlango ni mita 2.45. Nunua mita 4, zilizobaki utaziona zina kazi. Ukichagua frosti ya stara, ni mita 1.1 mara saba, yaani 7.7; nunua 9.

Kubandika

Bandika upande wa ndani ya chumba, wenye kiyoyozi, si wa ukumbini. Sababu ni jasho la kioo. Hewa ya ukumbini ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, maji huanza kujikusanya juu ya chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hivi. Chumba kikiwekwa nyuzi 18, uso wa kioo wa upande wa ukumbi unashuka chini ya hapo na kuanza kutiririka. Stika iliyopo upande huo itaanza kuachia pembeni kabla masika hayajesha, na sakafu itakuwa na maji pale pale watu wanapopita. Weka kiyoyozi nyuzi 24 au 25 na usielekeze upepo wake kwenye kioo.

Siku ya kazi, piga deki sakafu kwanza, kisha zima feni na kiyoyozi na ufunge madirisha. Vumbi likishaingia chini ya stika halitoki. Maji usichukue ya bomba wala ya kisima: ya kwetu yametoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na yakikauka huacha unga mweupe kati ya stika na kioo. Tumia maji ya chupa, lita moja kwa matone matatu au manne ya shampuu ya mtoto, ndani ya chupa ya kupulizia. Povu likizidi gundi haishiki.

Safisha kioo mara mbili. Wembe mpya wa kukwangua ni sawa kwa kioo cha kawaida, lakini temper wakati mwengine huwa na chembe za kiwandani zilizogandia upande mmoja, na wembe huziburura na kuchora mikwaruzo ambayo haitafutika. Jaribu pembeni kwanza, kwa maji mengi. Ukisikia mchakaricho, acha wembe utumie kitambaa.

Kimo usikipime kutoka sakafuni kila kipande. Sakafu zetu hazipo sawa, na mkanda utaonekana unapanda na kushuka kama wimbi. Chukua mpira wa maji wa fundi mwashi au mashine ya mwanga, piga usawa mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, na tia alama ya penseli ya nta upande wa pili wa kioo. Usawa wa macho ushinde.

Lowesha kioo hadi kitiririke, lowesha na upande wa gundi, weka, telezesha mpaka ikae, kisha kamua maji kwa kibao cha plastiki chenye kitambaa ukianzia katikati kwenda pembeni. Acha milimita 2 bila kugusa fremu wala silikoni. Ikigusa, kioo kikitanuka kwa joto stika husukumwa na kujikunja. Ukungu na vijipovu vya maji utakavyoviona mwanzo si kosa, vitakauka vyenyewe kwa wiki chache, wakati wa masika kwa zaidi. Kinachobaki na doa gumu katikati ni vumbi. Mwezi mzima wa mwanzo mfanya usafi asiifute stika. Baadaye ni kitambaa laini na maji ya sabuni, bila dawa zenye amonia.

Mlango

Mlango usifanane na kiambaza. Mtu anayetafuta njia akiona vipande saba vyenye nakshi moja, atachagua chochote. Uzungushie pindo la rangi nzito la milimita 25 juu na pande zote mbili, kama lilivyo pindo la kanga, na mkono wa kushikia uwe mrefu, wa kusimama, wa rangi inayoonekana. Chuma chake kiwe cha pua, cha daraja la 316. Kile cha 304 hufanya madoa ya kahawia kwa hewa ya chumvi, na sumaku haitakusaidia kuvitofautisha. Dai karatasi ya muuzaji.

Springi ya sakafuni inayorudisha mlango ina skrubu za kurekebisha mwendo. Iweke ichukue sekunde 5 au zaidi kutoka mlango ulio wazi kabisa hadi unapokaribia kufunga. Kasha lake huingia maji ya deki na kushika kutu kimya kimya. Mlango ukianza kupiga kwa nguvu, mafuta ya ndani yameshavuja, na hapo ni kubadilisha, hakuna matengenezo.

Shangani

Huko ni kazi nyengine. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kabla ya kugusa chochote, hata cha ndani, peleka mchoro kwa mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe. Tukichukulia wamekubali, matatizo yako ni mawili. Kuta ni za mawe na chokaa: bolti za kutanuka, zile za kugonga, huupasua ukuta huo na kutoka na bonge zima. Tumia nondo zilizogandishwa kwa gundi ya kemikali ndani ya soksi ya waya, au bora zaidi simamisha nguzo za aluminiamu kutoka sakafuni ili ukuta usibebe kitu. Dari ni ya boriti, na boriti hujipinda mzigo ukiongezeka juu. Usining'inize uzito wa kioo hapo hata kilo moja, na ndani ya fremu ya juu acha nafasi ya milimita 15 ili dari ishuke bila kukaa juu ya kioo. Sakafu ya ghorofani nayo ikiwa ya boriti, kilo 78 kwa kila kipande mara idadi ya vipande ni hesabu ya mhandisi, si ya fundi aluminiamu. Ningekushauri huko kiambaza kiwe cha mbao hadi kimo cha mita moja na kioo cha lamineti juu yake: uzito unapungua, safu ya chini ya alama haihitajiki tena, na kinaingiliana na nyumba.

Vyumba vinavyoelekea baharini hapo vinapata jua la magharibi likiwa chini kabisa jioni, nalo humeza frosti yote. Piga zile picha saa 11 na nusu pia. Na usibandike stika nyeusi pana kwenye kioo cha kawaida kinachopigwa na jua hilo. Sehemu iliyofunikwa hupata moto kuliko iliyo wazi, na kioo hupasuka kutoka ukingoni.

Zile mita zilizobaki za stika zifunge na roli lake, andika tarehe na namba ya roli, uzihifadhi penye ubaridi. Ukija kununua mkanda mmoja baadaye, weupe wake hautalingana na wa mwanzo.